Bamba Lililomfunga Dominiko

Mimi Athumani sijafyatua risasi hata moja tangu nizaliwe, lakini maoni kuhusu bastola ninayo kuliko askari. Nimejazwa tu, sikuomba. Mwaka wa saba huu ni dereva na mmimina gahawa, ile kahawa ya Kiarabu, wa klabu moja ya kulenga shabaha nje kidogo ya Doha, na mmimina gahawa husikia kila kitu, kwa sababu wenye kuongea humwona kama birika lenye miguu. Ila ninayetaka kumsimulia si mimi. Ni Dominiko, fundi wetu. Nikimsimulia hasira hunipanda, kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie.

Dominiko ni mtu wa Morogoro, mrefu, mkimya, Mkatoliki wa misa kila wiki. Kuchonga chuma alijifunza kwenye karakana za reli, na mpaka leo akishika chuma chochote, hata kijiko, lazima apitishe dole gumba pembeni kuona kama kimenyooka. Alikuja Doha mwaka 2009, akamwacha mke na binti mmoja, Miriam, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Alisema anakaa miaka miwili tu. Sisi wote tunasema miaka miwili tu, sijui nani alitufundisha.

Tulikutana Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Doha, chumba kimoja watu wanane, kitanda chake juu, changu chini. Yeye alikuwa anachonga vipuri vya pampu za maji, mimi naendesha gari la mizigo. Tajiri wetu alikuwa mmoja, Bu Rashid, Mkatari mwenye tumbo kubwa na roho nzuri. Ndiyo, nasema roho nzuri, wala sikejeli. Bu Rashid ndiye kafili wetu, mdhamini ambaye jina lake limeandikwa kwenye viza zetu. Bila saini yake huendi kokote. Unaweza kuwa na tiketi mkononi na msiba nyumbani, lakini ukifika uwanja wa ndege bila karatasi ya ruhusa ya kutoka, unageuzwa na sanduku lako kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau hela.

Bu Rashid alikuwa na ugonjwa mmoja, bastola. Klabu ile ni yake na wenzake. Mwaka 2011 alituhamishia huko sisi wawili, mimi kwenye gari na gahawa, Dominiko kwenye karakana ndogo nyuma ya jengo, penye mashine ya kuchongea chuma, kiyoyozi na kitanda. Tulifurahi kama watu waliopewa nyumba. Tulitoka kwenye chumba cha watu wanane, jamani.

Sasa niwaelezeni huo mzozo wa bastola, mara moja tu, sirudii. Juu ya bastola kuna slaidi, kile chuma kinachorudi nyuma risasi ikitoka. Zamani watu walilenga kwa vijino viwili vya chuma, kimoja mbele, kimoja nyuma. Miaka ile vikaanza kuingia vidoti. Kidoti ni kioo kidogo kama kiberiti, ndani yake kuna nukta nyekundu. Unaweka nukta kwenye shabaha, umemaliza. Swali ni jinsi ya kukikalisha kioo hicho juu ya slaidi. Wako wanaosema chonga slaidi yenyewe, uchimbe kitanda, kidoti kilale humo. Wengine wanasema usiguse chuma cha watu, tumia bamba, kipande chembamba kinachofungwa pale kilipokuwa kijino cha nyuma, halafu kidoti ukifunge juu ya bamba.

Basi hapo ndipo watu wazima wenye wajukuu wanapotaka kutoana macho. Mmoja atakwambia ukishachonga slaidi umepoteza waranti ya kiwanda. Mwingine atasema ukichonga kwa kipimo cha kidoti hiki umekioa, kesho kikitoka kizuri zaidi hakikai. Wa tatu atadai kidoti kilicholala ndani kinakaa chini, jicho linakipata upesi. Wa nne ataleta habari za betri, kwamba kuna vidoti lazima uvifungue ndiyo ubadilishe betri, na kila ukifungua unaanza upya kulenga. Nimewamiminia gahawa saa tatu nzima wakibishana juu ya skrubu moja. Mimi moyoni nasema, nyie watu hamna kazi?

Wakati huo fundi mkuu wa silaha hakuwa Dominiko. Alikuwa Collins, Mkenya wa Kitale, kijana mcheshi aliyependa kupiga mluzi kazini. Collins alikuwa mtu wa bamba. Dominiko alikuwa msaidizi wake tu, mchongaji.

Machi mwaka 2012, Bu Rashid alikuwa mstari wa mbele uwanjani analenga na bastola mpya ambayo Collins ameifunga bamba na kidoti. Risasi ya ishirini na ngapi sijui, bamba likalegea, likachomoka pamoja na kidoti chake, likamrukia usoni. Miwani ilimwokoa jicho. Nyusi ilipasuka, akashonwa nyuzi tano, na kovu analo mpaka leo. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, damu kwenye kanzu nyeupe, na njia nzima hakutukana hata mara moja. Aliuliza tu, kwa nini.

Jioni aliporudi akamwita Dominiko, kwa kuwa Collins alikuwa amekaa chini ameshika kichwa. Mimi ndiye mkalimani wao, Kiarabu changu ni cha madrasa kilichochanganyika na cha gereji. Dominiko akaliokota lile bamba, akapitisha dole gumba pembeni. Halafu akasema maneno ambayo ningejua yatatufikisha wapi ningeyameza palepale badala ya kuyatafsiri.

"Mwambie hiki ni kiti juu ya kiti. Mtu mwenye akili hakai juu ya kiti kilichowekwa juu ya kiti. Kidoti kilale kwenye slaidi yenyewe."

Nikatafsiri. Bu Rashid akacheka na nyuzi zake usoni, akairudia kwa Kiarabu mara mbili, akaipenda. Siku ya nne Collins alifutiwa viza na kupandishwa ndege. Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi. Hakupiga mluzi.

Tangu siku hiyo Dominiko akawa jina. Alikuwa na mkono, tusiseme uongo. Slaidi aliyoichonga yeye, kidoti kililala humo kama meno kwenye ufizi, na hata wapige risasi elfu nukta haihami. Wakawa wanakuja mpaka watu wa Kuwait na vibali vyao mkononi. Kila mgeni akifika, Bu Rashid anagusa kovu lake na kusimulia: huyu ndiye mtu aliyeniambia ukweli, kiti juu ya kiti. Klabu nzima ikaacha mabamba. Hata mwaka 2015, viwanda vilipoanza kuleta bastola zilizoandaliwa na mabamba yake kabisa, Bu Rashid alizikataa. Alisema Domi hazitaki.

Na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Baba yake Dominiko alifariki mwaka 2013. Dominiko akaomba ruhusa, Bu Rashid akalia naye, kweli akalia, machozi, akamnunulia simu mpya aangalie mazishi, na saini hakuweka. Mashindano yalikuwa wiki tatu mbele, nani atachonga? Mwaka 2014 tukaambiwa baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani tukaambiwa baada ya kombe la klabu. Alimletea kiyoyozi kikubwa zaidi, kitanda kipana, mashine mpya kutoka nje. Dominiko alikuwa akilala mita tatu kutoka kwenye mashine, akiamka anaiona, akilala anaiona. Nilikuwa namwambia kwa mzaha, baba Miriam, wewe umeoa mke wa pili wa chuma. Mwanzoni alicheka. Mwaka wa nne aliacha kucheka, nami nikaacha mzaha.

Kukimbia? Ukimkimbia kafili unaripotiwa, na ukikamatwa unaanza habari nyingine. Kuhama kwa tajiri mwingine? Nayo ilitaka saini yake. Kila njia ilipita kwenye kalamu ya Bu Rashid.

Agosti mwaka 2016 Miriam alipiga simu. Ameposwa. Harusi Oktoba, na kabla yake sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, ambayo baba husimama mbele ya watu, bintiye akamlisha keki, na yeye akamkabidhi. Dominiko alikuwa amekosa mahafali mawili na kipaimara. Miriam hakulalamika. Alisema hivi tu, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikasikia: "Baba, mjomba amesema atasimama yeye. Nimemkatalia. Nimesema utakuja."

Dominiko akasema nitakuja. Akaenda akanunua suti ya kijivu Industrial Area, akaitundika kwenye msumari ukutani, ndani ya nailoni yake isishike vumbi la chuma.

Tukaenda kwa Bu Rashid. Nilitafsiri vizuri kuliko nilivyowahi kutafsiri maishani, nikaongeza na heshima za kwangu. Bu Rashid akafurahi sana. Akaahidi zawadi ya dhahabu kwa bibi harusi. Halafu akasema Oktoba haiwezekani, kombe ni Desemba, bastola kumi na tisa zinasubiri kuchongwa, aende Januari, harusi isogezwe. Alisema harusi isogezwe kama mtu anayesema sogeza kiti. Nilitoka pale nimefura.

Nikamwambia Dominiko, haribu moja. Chonga vibaya, mara moja tu, atakuona mkono umechoka atakuachia. Akanitazama kama nimemwambia amtukane mama yake. Lakini kesho yake alijaribu. Nilikuwepo. Akaifunga slaidi kwenye mashine, akaipeleka pembeni kwa kusudi, upana wa unywele, akawasha. Kisu kikazunguka juu ya chuma bila kukigusa. Akasimama hapo mpaka jasho likamtiririka na kiyoyozi kinavuma. Halafu akazima, akairudisha slaidi mahali pake, akaanza kuchonga sawasawa. "Mkono umekataa," alisema. Mungu wangu, nilitamani kumpiga kofi.

Basi nikamwambia jambo jingine, nikijiona nina akili. Kama huwezi kuharibu, sema bamba ni zuri. Waambie umebadilisha maoni. Bamba hufungwa na mtu yeyote mwenye bisibisi, hawatakuhitaji tena. Watu hubadilisha maoni kila siku, wao wenyewe wamebadilisha mara ngapi mbele yangu?

Siku mbili hakula vizuri. Ijumaa asubuhi nikampeleka kanisani Mesaimeer kama kawaida yetu, maana huku siku ya mapumziko ni Ijumaa na misa yao husaliwa siku hiyo. Mimi humwacha pale, nikawahi sala ya Ijumaa, kisha nikamfuata. Tulipofika kwenye foleni ya magari alisema nisimamishe pembeni, ana neno. Akaniambia akitazama mbele, mikono kwenye magoti.

Siku ile ya mwaka 2012, Collins alikuwa amelifunga bamba vizuri kabisa. Yeye Dominiko, Collins alipokwenda kula, alilifungua. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kupima vipimo vyake ajichongee la mfano, ule ujuaji wa fundi asiyeweza kuona chuma bila kukipima. Mara akasikia Bu Rashid anaita bastola yake. Akalirudisha haraka. Hakufuta mafuta kwenye skrubu, hakutia gundi ya kuizuia isilegee, alikaza tu kwa mkono. Lile bamba lilikuwa halina kosa. Na jioni ile, lilipokuwa mkononi mwake na Bu Rashid ana nyuzi usoni, aliogopa kurudishwa nyumbani.

"Niliogopa kurudishwa nyumbani, Athumani," alisema mara ya pili. "Unanisikia?"

Nilimsikia. Nilimkumbuka Collins kwenye kiti kile kile cha gari alichokalia Dominiko, sanduku mapajani. Nilimkasirikia Dominiko siku hiyo, sifichi. Nilimwambia amefanya uchafu. Halafu nikamwambia asithubutu kulisema. Ilikuwa imemwagika damu ya mtu mwenye nchi yake, na kesi ikifunguliwa hutoki Oktoba wala Januari wala miaka mitano. "Nikisema bamba ni zuri," alisema, "wataniuliza, na lile la kwanza je? Nitadanganya tena?" Akashuka, akaenda kuungama. Sala yangu ya Ijumaa siku hiyo sijui niliisali vipi.

Wiki iliyofuata alimwomba Bu Rashid bastola moja ya zile za kiwandani, zilizoandaliwa kwa bamba. Ikaazimwa kwa mwanachama mmoja aliyekuwa ameinunua kwa siri. Dominiko akafuta skrubu, akatia gundi, akakaza, akaiacha ikauke mpaka kesho. Jumanne mchana wazee watano walikuwepo barazani. Akamwomba Bu Rashid aende mstarini apige mpaka achoke. Bu Rashid alicheka, akagusa kovu, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Akapiga risasi mia mbili. Wenzake wakapokezana wakapiga mia nyingine. Nukta haikuhama hata kidogo. Wakarudi barazani, bastola imewekwa juu ya meza tupu, mimi nimeshika birika.

Dominiko akaniambia tafsiri neno kwa neno, usipunguze. Akasimulia yote. Alilifungua nani, alilirudisha nani, mafuta, gundi, woga. Nilipofika pale pa skrubu nilitamani nigeuze, niseme ilikuwa bahati mbaya ya kiwanda, uongo mdogo tu. Lakini miaka saba Dominiko naye alikuwa ameokota Kiarabu, na alikuwa ananitazama mdomoni. Nikatafsiri neno kwa neno. Finjani iliniponyoka ikavunjika na hakuna aliyeniangalia.

Bu Rashid hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja, Collins yuko wapi. Nikasema kwao, Kitale. Akapitisha kidole kwenye nyusi yake, na nikaona kweli kimemuuma, si lile jeraha bali yule mtu. "Nimemtoa mtu asiye na kosa kwenye riziki yake," alisema, "na hilo nitaulizwa na Mungu." Halafu akamgeukia Dominiko.

"Nimekusamehe kovu langu, ni la kwangu. La Collins si langu kusamehe. Mlete. Siku atakayoingia mlango huu na kurudi kwenye nafasi yake, siku hiyo hiyo naweka saini yako."

Wazee wote wakaitikia kwa kichwa kwamba hukumu ni ya haki. Nami, nipigwe na radi, niliona ni ya haki. Hakuna kesi, hakuna polisi, na saini imeahidiwa mbele ya mashahidi. Tulitoka pale mimi na Dominiko tumeshikana mikono kama wanafunzi. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Viza ya klabu ile haichukui wiki tatu. Usifanye mchezo, niliota mpaka rangi ya tai yake.

Namba ya Collins tuliipata kwa Wanjiru, mpokea wageni wetu, Mkenya mwenzake. Dominiko akapiga simu akiwa amesimama, sauti imefunguliwa ili nami nisikie. Nyuma ya Collins kulikuwa na makelele ya mashine ya kusaga chuma na watoto. Dominiko hakuzunguka. Akamwambia kosa lake kwanza, kabla ya kumwomba chochote. Collins akawaambia walio nyuma yake wazime mashine.

Kisha akasema, taratibu, kwa kile Kiswahili chao. Alisema alirudi nyumbani na aibu, watu wakimcheka kwamba Qatar imemshinda, na miaka miwili hakuwa anatokea mchana. Alisema kila siku amekuwa akiijaribu kichwani, alikosea wapi kwenye lile bamba, na hakuwahi kuona. Dominiko alikuwa analia. Akamweleza habari ya Bu Rashid, viza, nafasi yake, mshahara juu ya ule wa zamani. Akamweleza habari ya Miriam.

"Sikia, Domi," Collins alisema. "Hiyo kitu imeniuma, na nimekusamehea leo kwa sababu umesema mwenyewe. Lakini mimi niko na karakana yangu hapa, na kuna msichana wangu wa miaka mitatu anapanda mguu yangu saa hii nikiongea na wewe. Mimi nisingefukuzwa, huyu hangekuwa. Sasa unataka niingie huko ndani ndio wewe utoke?"

Dominiko akasema hapana. Akalisema haraka, kabla sijamzuia. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono ninyakue simu nimbembeleze Mkenya yule aje kwa miezi mitatu tu, miezi miwili, mwezi. Dominiko aliisogeza simu mbali nami.

"Hapana, Collins. Kaa na mtoto."

Mtanisamehe, hapa ndipo ninapopandisha sauti. Nilimtukana. Nilimwambia ameitupa saini chooni. Alikaa kitandani kwake pale karibu na mashine, akaniacha nitukane mpaka nikachoka, na nilipochoka nikakaa naye.

Tulimpelekea Bu Rashid jibu. Nilimsihi, nikasema basi tafuteni fundi mwingine, wako wengi Industrial Area. Akasema hapana, haki ni haki, neno lake lilikuwa Collins, na Collins akikataa hilo limekwisha, tuonane Januari. Alisema kwa upole. Na kwa sababu mabamba sasa yametakaswa, wanachama wote waliokuwa wamezikataa zile bastola za kiwandani wakaziagiza, na wakataka mabamba yafungwe na Dominiko peke yake. Mtu aliyekiri kosa kama lile, walisema, ndiye pekee wa kuaminiwa na skrubu. Zile kumi na tisa zikawa arobaini. Niliwasikia wakilisema nikiwamiminia, na mara ya kwanza maishani mwangu nilimimina gahawa nje ya finjani kwa makusudi.

Sendofu ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba, saa tisa mchana, ukumbi wa kanisa Morogoro. Dominiko alikuwa kazini. Saa nane na nusu alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatoa suti kwenye nailoni, akavaa koti na tai juu ya suruali ya kazi. Nikamshikia simu ya video. Mimi nilisimama nimeegemea mlango kwa mgongo, nimeapa hakuna mwenye bastola atakayeingia.

Picha ilikuwa inakatika. Tukaona mapambo ya zambarau, tukaona mkewe amenenepa kidogo, tukaona mjomba amekaa kwake. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa binti atamtambulisha baba yake mzazi. Watu wakageuka kuangalia mlangoni. Miriam akatokea kwenye picha, mkubwa, mtu mzima kabisa, mimi niliyemjua kwa picha za sare ya shule. Akaichukua simu aliyokuwa ameishika shangazi yake, picha ikayumba, tukaona dari, tukaona sakafu, halafu ikatulia, ukumbi mzima unaonekana kutoka juu.

"Mmeniweka juu ya nini?" Dominiko akauliza.

"Viti viwili, baba. Nimeweka kimoja juu ya kingine ili watu wote wakuone," Miriam akasema. "Usiogope, havitikisiki. Simama sasa."

Dominiko alisimama. Akafunga kifungo cha koti, akaweka mikono ubavuni, akatazama mbele. Kule sidhani kama waliona zaidi ya kidevu na tai, maana nilikuwa naishika simu vibaya. Miriam akakata kipande cha keki, akakisogeza karibu na kioo cha simu, akakishikilia hapo, na Dominiko akafungua mdomo. Nyuma yangu mtu alianza kugonga mlango, akiuliza kwa Kiarabu kama bamba lake limekwisha. Nikaukaza mgongo wangu mlangoni.